Wingi wa wafuasi haumtambulishi mtaalamu

Ndugu Mhariri,

Jumamosi mbili zilizopita ukurasa wako wa kilimo ulitoa orodha ya watu kumi ambao mkulima anashauriwa kuwafuata mtandaoni. Niliisoma mara tatu, nikaikata, nikaibandika kwenye daftari langu. Kando ya kila jina mmeandika idadi ya wafuasi, na idadi hiyo ndiyo iliyoamua nani awe wa kwanza na nani awe wa kumi. Kati ya hao kumi, wawili tu ndio niliowahi kuziona kazi zao, na mmoja wao mmemweka mkiani kabisa. Naandika kwa sababu kipimo hicho kimeshaleta hasara kijijini kwangu, na kwa sababu kipo kipimo kingine, yaani kutazama mtu anahifadhi kurasa zipi na kwa maneno gani, ambacho nimekitumia kwa karibu miaka ishirini.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Nilisomea chuo cha kilimo cha Mlingano, nikaanza kazi mwaka 1981, nikastaafu 2016, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa hapa Muheza, kwenye mahindi, machungwa na zaidi ya yote muhogo. Mwaka 2007 ofisini kwetu hapakuwa na intaneti. Kila Ijumaa mchana nilipanda basi kwenda Tanga mjini, nikakaa kafe ya intaneti saa moja au mbili, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Nilikuwa na kero moja: kompyuta ya kafe si yako. Leo unahifadhi anwani ya ukurasa kwenye kivinjari, Ijumaa ijayo umekalishwa kompyuta nyingine, au ni ile ile lakini imefutwa kila kitu. Kwa hiyo nilinakili anwani kwa kalamu, zile ndefu zenye alama za kuuliza na asilimia katikati, na nikikosea herufi moja, nauli ya wiki nzima imekwenda bure. Kijana aliyekuwa msimamizi wa kafe alinihurumia, akanionyesha Delicious.

Wengi wa wasomaji wako wa leo hawakuikuta, kwa hiyo niieleze. Ilianzishwa na Joshua Schachter mwaka 2003, na Yahoo wakainunua mwishoni mwa 2005. Unafungua akaunti, na kila ukurasa unaokufaa unauwekea alamisho huko mtandaoni badala ya kwenye kompyuta. Kisha unaubandika lebo, yaani maneno machache unayoyachagua mwenyewe: muhogo, wadudu, inzi-weupe. Hakuna karani wa kukupangia maneno. Na alamisho zako zinaonekana na kila mtu, isipokuwa zile ulizoamua kuzificha. Mimi niliingia nikitafuta mahali pa kuweka anwani zangu tu. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba mali kubwa ilikuwa katika alamisho za wengine.

Thomas Vander Wal, Mmarekani aliyeupa utaratibu huu wa lebo za umma jina la "folksonomy" mwaka 2004, aliueleza kwa vitu vitatu: mtu, kitu alichokihifadhi, na neno alilokibandikia. Ukiwa na viwili, unaweza kukifikia cha tatu. Mimi sikuwa nimesoma maneno yake wakati huo, lakini ndivyo nilivyojikuta nafanya.

Watu wengi huanzia kwenye lebo. Wanaandika "cassava", wanaletewa mapishi, tapioka, vinywaji vya Taiwan vyenye vidonge vya unga, na picha za safari za watalii. Wanakata tamaa. Mimi nilianzia kwenye ukurasa mmoja niliokuwa na hakika nao. Ulihusu ugonjwa wa muhogo uitwao michirizi ya kahawia, na hakika yangu haikutoka mtandaoni: nilikuwa nimeuona ugonjwa huo mashambani kwa macho yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nilijua kwamba aliyeandika ukurasa ule amewahi kuikata mizizi akaitazama ndani. Delicious ilikuwa inakuonyesha wangapi wameuhifadhi ukurasa, ni akina nani, tarehe gani, na kwa lebo zipi. Ukurasa wangu ule ulikuwa na watu kumi na mmoja tu. Nikamfungua mmoja baada ya mwingine.

Watatu walikuwa wameubandika neno "africa" na kuishia hapo. Wawili walikuwa wameandika "yakusoma" kwa Kiingereza, lebo ambayo ni kumbukumbu ya mtu binafsi na haikuambii kama ameusoma. Mmoja, tarehe yake ikiwa ya mapema kuliko wote, alikuwa ameandika jina la kisayansi la inzi weupe, kifupi cha jina la ugonjwa, na neno la Kiingereza la pingili za kupanda. Chini yake ameongeza sentensi mbili za maelezo: kwamba picha ya tatu inafaa kwa mafunzo, na kwamba jedwali la pili lina kasoro. Nikalitazama jedwali. Kweli lilikuwa na kasoro, nami nilikuwa nimelipita mara nne bila kuiona. Kuanzia siku hiyo nilimfuata mtu huyo, na kila Ijumaa kitu cha kwanza kilikuwa kuangalia ameokota nini. Jina lake halisi sikulijua na sikuwahi kulihitaji.

Mwaka 2006 Scott Golder na Bernardo Huberman wa maabara ya HP, kampuni ya kompyuta, walionyesha kwamba ukurasa ukishahifadhiwa na watu kama mia moja, uwiano wa lebo zake hutulia, hata waje watu wengi zaidi. Hiyo ni nguvu ya umati, na kwa mambo yanayopendwa na ulimwengu inatosha. Lakini ukurasa wa ugonjwa wa muhogo haufikishi watu mia. Katika mambo yetu hapana umati wa kuuegemea, na usipomjua mtu mmoja mmoja hujui kitu.

Niruhusu hapa nikae kidogo, Mhariri, kwa sababu kisa hiki ndicho kilichonifanya niamini kabisa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, mwaka 1936. Amani iko kwenye milima ile tunayoitazama kila asubuhi kutoka Muheza. Watafiti wa kituo hicho waliuzalisha muhogo kwa kuuchanganya na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceara, wakitafuta aina itakayostahimili magonjwa. Katika kazi hiyo ikatoka aina yenye namba 46106/27. Kenya aina hiyo wanaiita Kaleso. Huku kwetu inaitwa Namikonga. Mmea mmoja, majina matatu, na maandiko yake yamelala katika mafungu matatu ambayo hayajuani. Anayetafuta Kaleso hapati ya Namikonga, na anayetafuta namba hapati hata moja kati ya hizo mbili.

Mwaka 2014 nilikuwa natumia CiteULike, huduma ya namna ile ile lakini ya makala za kisayansi, iliyokuwa imeanza mwaka 2004. Usiku mmoja nikaona makala imebandikwa lebo zote tatu kwa pamoja: namikonga, kaleso, na ile namba. Nilisimama kutoka kitini. Mtu anayeweka maneno hayo matatu kwenye karatasi moja ni mtu anayeujua mmea, anawajua wakulima wa pande zote mbili za mpaka, na amesoma vitabu vya zamani vya watafiti. Hapo sihitaji cheti chake. Nikafungua lebo yake ya muhogo nikaangalia tarehe: makala nyingi alikuwa amezihifadhi wiki chache baada ya kutoka, na wengine waliozihifadhi walikuja nyuma yake, miezi mitatu, miezi sita, mwaka. Yeye anaokota, wenzake wanafuata nyayo.

Na hapa kuna jambo dogo linalosahaulika. Sikumfuata yeye mzima. Alikuwa anahifadhi pia mambo ya magitaa na ya kukarabati pikipiki, nami hayo hayanihusu, na sina sababu ya kudhani kwamba ajuaye muhogo anajua pikipiki. Nilifuata lebo yake moja tu. Huduma hizi zilikuruhusu kufanya hivyo, mtu na lebo yake kwa pamoja, na habari mpya zinakujia zenyewe. Mitandao mikubwa ya leo inakutaka umbebe mtu na siasa zake, na chakula chake cha mchana, na matangazo anayolipwa, ndipo upate neno moja la kilimo.

Kuwahi peke yake hakutoshi, na wavuvi wa Tanga watanielewa haraka nikisema kwamba kuna mtu wa kokoro na kuna mtu wa mshipi. Mtu wa kokoro anahifadhi kila kinachopita: kurasa mia kwa siku, kila lebo ikiwa jina la bara au neno "kilimo". Lazima awahi baadhi ya vitu vizuri, kama kokoro linavyobeba samaki mzuri pamoja na takataka na vifaranga. Wauza bidhaa wengi mtandaoni ni wa aina hiyo, na wengine ni mashine tu. Mtu wa mshipi ana vitu vichache, ila ukivifungua kimoja kimoja, karibu vyote vinakufaa.

Baadaye nilifurahi kukuta kwamba wasomi walikuwa wameliandika jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2009, kwenye mkutano uliofanyika Boston, Michael Noll wa Potsdam, Ching-man Au Yeung wa Southampton na wenzao waliwasilisha njia ya kuwatenganisha wataalamu na wasumbufu katika Delicious. Msingi wake unarukaruka kati ya pande mbili: mtaalamu hujulikana kwa ubora wa kurasa alizohifadhi, na ubora wa ukurasa hujulikana kwa utaalamu wa waliouhifadhi, na hesabu inazunguka hivyo mpaka itulie. Juu ya hilo wanaongeza kwamba aliyeuona ukurasa mzuri kabla ya wengine hupewa uzito zaidi kuliko aliyekuja baada ya kuuona umeshapendwa. Katika hesabu hiyo yote, idadi ya mashabiki wa mtu haimo.

Sasa nieleze hasara niliyoitaja. Mwaka juzi, kabla ya vuli, kijana jirani yangu aliamua kupanda muhogo ekari mbili kwa fedha aliyoipata kwa kuuza pikipiki yake. Hakuja kwangu wala hakwenda kwa afisa ugani. Alimfuata mtu mmoja maarufu mtandaoni, ambaye jina lake silitaji, mwenye wafuasi wengi na video nzuri zenye muziki. Kwa maelekezo ya mtu huyo akanunua pingili zilizoletwa kwa lori kutoka mbali. Shamba lilipendeza, majani mabichi, kila mpita njia akisifia. Alipong'oa baada ya miezi kumi na moja, mizizi ilikuwa na michirizi na madoa ya kahawia ndani, mikavu na migumu kama gome. Ugonjwa huu husafiri ndani ya pingili, inzi weupe huusambaza kutoka mmea hadi mmea, na majani yanaweza kukudanganya mpaka siku ya kuvuna. Aliokoa magunia manne.

Alikuja na mzizi mmoja mkononi, akauweka kwenye baraza yangu. Akasema, "Bibi, mtu mwenye watu wote wale nyuma yake anakosea vipi?" Sikuwa na moyo wa kumkaripia. Tulikaa na simu yake tukautazama ukurasa wa mtu yule tangu juu hadi chini, machapisho ya miezi minane. Hapakuwa na kiungo hata kimoja cha kwenda kwa mtafiti au kituo chochote. Alama za reli, yaani hashtag, alizotumia zilikuwa zile zile kila siku, kilimo, vijana, fursa. Hakuna jina la aina ya muhogo, hakuna jina la ugonjwa, hakuna mdudu. Mtu aliyekaa shambani msimu mmoja tu angalau angetamka Kiroba au Kibandameno. Umaskini wa lebo zake ulikuwa unasomeka wazi tangu siku ya kwanza, lakini kijana yule hakuna aliyemfundisha kuusoma, na orodha kama ile mliyoichapisha inawafundisha wenzake kutazama mahali pale pale alipotazama yeye.

Upande wetu sisi wasema Kiswahili kuna kazi pia. Lugha yetu inazitawanya lebo kwa namna ambayo Kiingereza hakifanyi. Mwingereza akiongeza wingi, anaongeza herufi mwishoni, na maneno mawili yanabaki jirani katika orodha. Sisi tunabadilisha mwanzo. Ugonjwa uko kwenye U, magonjwa yako kwenye M. Mdudu na wadudu hawaonani. Ukianza kuandika "muho", mashine haitakupendekezea "mihogo". Kuna wanaoandika muhogo na wanaoandika mhogo, na kwa mashine hao ni watu wawili tofauti. Halafu maneno yenye maana mbili: nilipojaribu lebo ya mbuzi kwa ajili ya mkulima wa Pongwe, nililetewa pia mbuzi za kukunia nazi.

Hata hivyo, tofauti zetu zina faida yake. Majani ya muhogo sisi twayaita kisamvu, ndugu zetu wa mashariki ya Congo wanayaita sombe. Mwaka 2012 nilitafuta sombe, kwa udadisi tu, nikamkuta mtu aliyekuwa akihifadhi kurasa za Kifaransa kuhusu batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, na michirizi ya kahawia upande wa Kivu, kwa utaratibu na tarehe za mapema, kila moja na maelezo mafupi ya Kiswahili. Kifaransa sikijui. Lakini maelezo yake ya mstari mmoja mmoja yalinitosha kujua ugonjwa umefika wapi. Neno moja la jikoni lilinifungulia nchi nzima, ambayo kwa "cassava" nisingeiona kamwe.

Huduma hizi hazidumu, na hilo lazima lisemwe. Mwaka 2011 Delicious iliuzwa kwa Chad Hurley na Steve Chen, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa YouTube, ikapita tena mikononi mwa wengine, na mwaka 2017 Maciej Cegłowski, mwenye Pinboard, huduma nyingine ya alamisho, akainunua kwa dola 35,000 na kuiacha ya kusomwa tu. CiteULike ilifungwa mwaka 2019. Ma.gnolia, iliyofanana nazo, ilipoteza alamisho za watumiaji wake mwanzoni mwa 2009. Mimi kila baada ya miezi mitatu napakua alamisho zangu zote katika faili moja na kuliweka kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa binti yangu Korogwe. Na kila ninayemfuata nimemwandikia kwenye daftari mahali pengine anapopatikana, ili huduma ikifa nisimpoteze mtu. Siku hizi nipo Pinboard kwa ada, na vijana wamenionyesha kwamba mtandao wa kijamii wa Mastodon tangu 2022 inakuruhusu kufuata alama ya reli yenyewe bila kumjua aliyeitumia. Ni mwanzo mzuri wa kuwaona watu, kisha unafungua kurasa zao na kuwapima.

Mhariri, ombi langu ni kwamba orodha ile irudiwe kwa kipimo kingine. Mwandishi wako achukue mada moja tu, tuseme magonjwa ya muhogo, atafute kurasa tano ambazo watafiti wa vituo vya kilimo vya Kibaha au Naliendele watakubali kwamba ni za kweli, kisha aangalie nani alizihifadhi au kuzisambaza kwanza, na kwa maneno gani. Hao ndio awachapishe, hata kama mmoja ana wafuasi arobaini. Kando ya jina muandike lebo ya kufuata, kwa sababu mtu huyo huenda ana mambo mengine ambayo si ya kuaminiwa. Na kila makala ya kilimo inapotoka gazetini, chini yake muweke anwani za kurasa alizosoma mwandishi na lebo mbili tatu za Kiswahili, zile zile kila wiki, ili msomaji azikute pamoja.

Mimi nimeanza. Wiki hii nimefungua kwa umma alamisho zangu 212 za muhogo, na nimerudia kuzibandika lebo upya moja moja: muhogo kwa umoja, kwa herufi ndogo, kisha jina la aina, jina la ugonjwa, na jina la mahali. Namikonga zote nimeziwekea Kaleso na namba yake. Mkulima wa Kilwa au wa Mtwapa akihifadhi ukurasa mmoja kwa lebo hizo kesho, Ijumaa nitamwona.

Bibi Shamba Mstaafu,
Muheza, Tanga